Mvinyo Mezani, Kisukari Mwilini

Mtu akishaambiwa ana kisukari, ndugu na marafiki wote hugeuka madaktari. Huyu anakukataza matunda, yule anakwambia mkate uusahau, wa tatu ana mizizi yake ya kuchemsha. Likija suala la mvinyo hawabishani kabisa: hapo ndiyo basi. Hoja yao ni fupi na kila mtu anaielewa. Mvinyo ni maji ya zabibu, zabibu ni tamu, kwa hiyo kunywa mvinyo ni kunywa sukari. Mimi nilikuwa mpenzi wa mvinyo miaka mingi kabla kisukari changu cha aina ya pili hakijajulikana, kwa hiyo hoja hiyo niliisikiliza kwa makini kuliko zote. Ina ukweli kiasi. Ubaya wake ni kwamba inamfanya mgonjwa aikodolee macho glasi, wakati jambo la hatari zaidi linatokea kwenye ini, saa kadhaa baadaye, mwenyewe akiwa amelala.

Daktari wangu ni mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Nilipomuuliza habari ya mvinyo hakusema ndiyo wala hapana. Alivuta karatasi ya dawa zangu, akaweka kidole kwenye metformini, akakipitisha, akakisimamisha kwenye gliklazidi.

"Unakunywa umekula, au tumbo tupu?"

"Huwa naanza kabla ya chakula, daktari. Namalizia na chakula."

"Hiyo ya kabla ya chakula iache. Sikiliza, mwanangu. Sukari kupanda kwa sababu ya glasi moja ya mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, siyo hofu yangu. Hofu yangu ni ishuke usiku na wewe hujui."

Akaniruhusu glasi moja, pamoja na chakula, si kila siku, na akataka nimletee vipimo vyangu vya kabla ya kulala. Nilitoka pale na ruhusa, lakini pia na kazi ya kusoma, maana nilikuwa nimeingia nikidhani tutaongea habari za utamu.

Tuanze na huo utamu, kwa kuwa ndiko fitina ilikoanzia. Zabibu zilizoiva za kutengenezea mvinyo hutoa juisi yenye gramu 200 hivi za sukari kwa lita, mara nyingi zaidi ya hapo. Hamira inaila sukari hiyo, inatoa kilevi na gesi. Kwa hesabu za watengenezaji, takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 13 ulianza na sukari zaidi ya gramu 220 kwa lita, nayo imekwisha kuliwa. Hamira ikiachwa imalize kazi yake, kinachobaki ni kidogo. Kanuni za Umoja wa Ulaya huuita mvinyo mkavu ule usiozidi gramu 4 kwa lita, na huruhusu mpaka 9 kama uchachu wake ni mkubwa wa kutosha. Chukua glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye gramu 3 kwa lita: sukari iliyomo haifiki nusu gramu. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4. Hata majedwali ya lishe yanayojumlisha wanga wote hutaja gramu 3 au 4 tu kwa glasi kama hiyo.

Sasa hamia kwenye Moscato d'Asti, ule mvinyo mwepesi wa Italia wenye mapovu na asilimia 5 hivi ya kilevi. Huo hamira yake ilisimamishwa mapema, na sukari iliyobaki kwa kawaida inapita gramu 100 kwa lita. Glasi ileile moja sasa ina vijiko vinne. Mvinyo wa Port wa Ureno humiminiwa pombe kali katikati ya kuchachuka, hamira inakufa, na sukari iliyokuwa haijaliwa inabaki ilivyo, kwenye gramu 100 kwa lita au karibu na hapo. Tokaji Aszú ya Hungaria haipungui 120. Pedro Ximénez ya Hispania, ambayo zabibu zake huanikwa juani kwanza zisinyae, inavuka 200. Kwa hiyo wale ndugu zangu hawakuwa wakiongopa. Walikuwa wameviweka vinywaji viwili visivyofanana kabisa ndani ya jina moja.

Kuna dalili moja ya haraka kwenye chupa: asilimia ya kilevi. Mvinyo wa mezani ukiandikwa asilimia 8, jiulize ile sukari nyingine ilikwenda wapi. Mara nyingi haikwenda popote. Ila dalili hii haifanyi kazi kwa Port na jamaa zake, ambao wana kilevi kingi na sukari nyingi kwa pamoja.

Mvinyo wa mapovu una lugha yake, na aliyeyapanga majina yale hakuwa akimfikiria mgonjwa wa kisukari. Brut Nature ni chini ya gramu 3 kwa lita bila sukari ya kuongezwa. Extra Brut inafika 6. Brut ni chini ya 12. Halafu inakuja Extra Dry, ambayo kwa jina ungedhani ndiyo kavu kuliko zote, kumbe ina gramu 12 mpaka 17. Demi-Sec ni 32 mpaka 50, na hiyo ni ya kukaa mbali nayo.

Msaada mkubwa umekuja na sheria mpya. Mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 hauruhusiwi kuuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya bila kuonyesha viungo na thamani yake ya lishe, na watengenezaji wengi huweka taarifa hizo nyuma ya ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu. Inakupa sukari kwa mililita 100. Zidisha kwa kumi upate kwa lita. Mimi sasa naskani chupa kabla sijasoma hata jina la shamba, na sioni aibu. Kinyume chake, chupa inayojitangaza kuwa inafaa kwa wagonjwa naitilia shaka papo hapo. Ushirika mmoja wa wakulima wa Ujerumani, Deutsches Weintor, uliwahi kutaka kuandika kwamba mvinyo wao una uchachu mpole na unapokelewa vizuri na mwili. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2012 ikaamuliwa kwamba hayo ni madai ya afya, nayo hayaruhusiwi kwenye kinywaji chenye kilevi zaidi ya asilimia 1.2. Naona walihukumu sawa.

Kilichonishangaza zaidi katika haya yote ni jinsi ulimi unavyodanganyika. Jioni moja tulikuwa na wageni na chupa mbili mezani: Riesling nyeupe ya Ujerumani, na mvinyo mwekundu mzito wa asilimia 15 uliokaa kwenye pipa la mwaloni. Kaka wa mke wangu alionja ule mwekundu akaniondolea glasi mkononi. "Shemeji, huu usiuguse. Una sukari huu, nausikia." Akanisogezea ile Riesling, maana ilikuwa chachu mpaka mtu anafumba jicho. Tukaskani zote mbili. Mwekundu: sukari gramu 0.2 kwa mililita 100. Riesling: gramu 0.8. Ule aliouokoa nisiunywe ulikuwa na robo tu ya sukari ya ule alionipa. Kwa viwango hivyo wala hapakuwa na hatari kwenye yoyote kati ya hizo mbili, lakini shemeji alizikagua tena lebo kana kwamba zimebadilishwa.

Sababu zake ni nzuri kuzijua. Kwanza, sukari haina harufu. Haipai hewani ikafika puani. Unaponusa mvinyo ukasema "mtamu huu", unachokinusa ni harufu ya tunda lililoiva, au asali, au vanila iliyotoka kwenye mbao za pipa, na ubongo unakumbuka kwamba vitu hivyo huwa vitamu. Pili, kilevi kingi chenyewe kina utamu fulani na kinaufanya mvinyo ujae mdomoni. Tatu, uchachu huificha sukari, ndiyo maana Riesling na shampeni zinaweza kubeba gramu nane au kumi kwa lita na bado zikaonekana kavu kabisa. Baridi nayo inaificha. Mvinyo uliotoka kwenye friji sasa hivi na mvinyo uleule baada ya nusu saa mezani si kitu kimoja.

Siku hizi nanusa, halafu naonja nikiwa nimebana pua. Harufu yote inatoweka, unabaki na mifupa ya mvinyo: uchachu unaotoa mate pembeni mwa ulimi, ukakasi unaokausha ufizi, joto la kilevi kooni, na kama kuna sukari, hapo ndipo inapojionyesha yenyewe bila nguo za matunda. Halafu naachia pua, na kila kitu kinarudi kwa mpigo. Sikuwahi kuufanya mchezo huu nilipokuwa na uhuru wa glasi tatu. Nilikuwa nameza tu. Wajuzi wa mvinyo watacheka, wao wanajua haya tangu zamani, lakini mimi imenichukua kongosho lililochoka kunifundisha kuonja.

Haya, sasa ini.

Kati ya mlo na mlo, na usiku kucha, ini ndilo linaloilisha damu sukari. Lina akiba yake ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, ambayo huivunja polepole, na akiba ikipungua hutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu vingine kama laktati na baadhi ya asidi za protini. Kilevi kikiingia, ini hukipa kipaumbele, kwa sababu ni sumu na lazima kiondolewe. Kukiondoa kunatumia kemikali ambazo pia zinahitajika kutengenezea glukosi mpya, kwa hiyo kazi hiyo ya pili inazorota. Mtu mwenye akiba ya kutosha na asiye na dawa hahisi kitu. Mwili wake unapunguza insulini na mambo yanakwenda. Mtu aliyechoma insulini, au aliyemeza dawa za kundi la gliklazidi, glibenklamidi na glimepiridi, hana breki hiyo. Dawa inaendelea kuisukuma sukari chini wakati ini limeshughulika na kazi nyingine. Kama hakula, akiba nayo ni ndogo. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya glasi ya mwisho, hata siku inayofuata. Miongozo huonya mpaka saa 24.

Anayetumia metformini peke yake hatari hii kwake ni ndogo, ingawa metformini na ulevi wa kupindukia ni jambo jingine, kwa sababu ya asidi ya laktati kujaa kwenye damu. Wale wanaotumia dawa zinazotoa sukari kwa mkojo, zile zenye majina yanayoishia na flozini, waulize madaktari wao kabla, maana pombe nyingi na kukaa na njaa kunaweza kuwatumbukiza kwenye ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi za ketoni, hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayekaa meza moja na mgonjwa alijue. Sukari ikishuka mtu anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, ulimi unakuwa mzito, anaweza hata kuwa mkali bila sababu. Sasa mpe mtu huyo glasi mkononi. Kila atakayemwona atasema: amelewa huyo, mwacheni alale. Katika mambo yote ya kisukari na pombe, sijui sentensi ya hatari kuliko hiyo. Asilazwe, apimwe. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka, vidonge vya glukosi au soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Chokoleti haifai kwa dharura, mafuta yake yanaichelewesha sukari. Akiwa hajitambui asipewe kitu mdomoni. Iitwe huduma ya dharura. Na sindano ya glukagoni, ambayo kazi yake ni kuliamuru ini litoe akiba, hufanya kazi hafifu ikiwa akiba yenyewe imekwisha. Mke wangu anayajua haya yote kwa moyo. Marafiki ninaokunywa nao wanajua angalau mawili, asilazwe na apimwe, na mfukoni nina vidonge vya glukosi.

Kwa hiyo utaratibu wangu uko hivi. Mvinyo unakuja na chakula chenye wanga kiasi, haukitangulii. Siupunguzi wanga wa chakula ili "kuupa nafasi" mvinyo, kosa ambalo nasikia wengi wanalifanya kwa kudhani wanafanya hesabu nzuri. Siku niliyotembea au kufanya mazoezi sana sinywi, kwa kuwa misuli nayo inaendelea kuvuta sukari usiku. Kabla ya kulala natoboa kidole. Ikiwa chini ya milimoli 6 silali bila kula kitu kidogo. Namba hiyo tulikubaliana mimi na daktari kwa dawa zangu mimi. Yako iulize kwa daktari wako.

Kipimo cha glasi nacho kina mambo yake. Niliwahi kumimina maji mililita 150 kwenye kikombe cha kupimia, nikayahamishia kwenye glasi kubwa niliyoizoea. Yalikuwa dimbwi tu pale chini. Hicho ndicho kinachoitwa glasi moja katika miongozo mingi: chupa ya mililita 750 inatoa tano. Marekani hukihesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 14 za kilevi, nacho Chama cha Kisukari cha Marekani kimekuwa kikishauri kisizidi kimoja kwa siku kwa mwanamke na viwili kwa mwanamume. Kila gramu ya kilevi ina kalori 7, kwa hiyo hata mvinyo usio na sukari kabisa una kalori karibu 100 au zaidi kwa glasi. Ukipunguza uzito kama nilivyoambiwa mimi, unazihisi. Nilichofanya ni kubadilisha glasi, nikachukua ndogo, na kuifunga chupa vizuri irudi friji, mwekundu na mweupe vilevile. Inakaa siku kadhaa. Na mvinyo mwekundu mkali mara nyingi unakuwa mpole siku ya pili, jambo ambalo mtu anayeimaliza chupa usiku mmoja hawezi kulijua.

Je, mvinyo ni dawa? Historia ina vituko. Kabla insulini haijapatikana, Dakta Frederick Allen wa Marekani alikuwa akiwatibu wagonjwa kwa kuwanyima chakula mpaka mkojo uishe sukari, na katika siku zile za njaa walipewa kahawa nyeusi na whisky, iwape nguvu bila kuwapandisha sukari. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio lililoitwa CASCADE: wagonjwa 224 wa kisukari cha aina ya pili, waliokuwa hawanywi, wakagawiwa mililita 150 za maji, mvinyo mweupe au mvinyo mwekundu na chakula cha jioni kwa miaka miwili. Waliopata mwekundu waliongeza kidogo ile lehemu nzuri. Madhara makubwa hayakuonekana. Ninaufurahia utafiti ule kwa sababu ulinitoa hofu, lakini simshauri mtu aanze kunywa kwa ajili yake. Tangu mwaka 1988 vileo vimo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mimi nakunywa kwa sababu napenda. Sababu hiyo inatosha kwa glasi moja, haitoshi kwa tatu.

Na wapo ambao hata hiyo moja haiwafai: mwenye ugonjwa wa ini, aliyewahi kuvimba kongosho, mwenye mafuta ya trigliseridi ya juu sana, mwenye ganzi na maumivu ya neva miguuni, mjamzito, na yeyote ambaye moja haijawahi kuwa moja. Mvinyo usio na kilevi upo, tena mwingine mzuri, ila soma lebo kwa sababu mara nyingi huongezwa sukari kufidia kilevi kilichotolewa.

Ilibaki mivinyo mitamu, ambayo nilidhani ndiyo nimeiaga. Sauternes hasa, ile ya Ufaransa inayotokana na zabibu zilizoshikwa na ukungu zikanyauka mtini. Nikakaa na kalamu. Mililita 50 za mvinyo wenye gramu 130 kwa lita ni gramu 6.5 za sukari, chini ya nusu ya wanga ulio kwenye kipande kimoja cha mkate. Daktari aliitazama hesabu, akarekebisha kitu kimoja tu: "Hiyo ni badala ya ile glasi nyingine, siyo juu yake. Na kitindamlo hupati." Basi kwenye sherehe kubwa nafanya hivyo, nakiruka kitindamlo na kumimina kidogo kwenye glasi ndogo kabisa. Chupa nusu ya mililita 375 inatosha watu saba kwa kipimo hicho, na kinachobaki chini huwa na wagombea wengi. Mimi katika ugomvi huo simo.